Aliomba mwanamke asimame naye akipimwa, kumbe mwanamke ni mimi jirani yake

Wakuu, sasa.

Na nyinyi akina dada mnaosoma humu bila kuandika neno, najua mko wengi, nawasalimu pia. Mimi nimekuwa mmoja wenu zaidi ya miaka mitatu. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kufungua uzi, kwa hivyo mnivumilie nikipotea njia.

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha, kliniki siitaji, na kuna vitu vingine nitaviruka makusudi. Lakini chumvi sijaongeza.

Naishi Kibera, mtaa wa Kianda, upande wa Olympic. Kwetu ni Western. Mambo ya ndoa yalinishinda kitambo, na msichana wangu mmoja ameolewa Eldoret, hunipigia Jumapili akimaliza kuosha vyombo. Kwa hivyo nakaa peke yangu. Silalamiki, nawaeleza tu ili muelewe huko mbele.

Kazi yangu ni usafi, kwa kliniki ndogo ya mtu binafsi huko Kawangware. Natoka kwangu saa kumi na mbili asubuhi, napita Jamhuri kwa miguu, wagonjwa wakianza kufika mimi nishafagia, nishapiga deki, nishabadilisha mashuka. Navaa dustcoat ya bluu. Hapo mwanzo hakuna mgonjwa aliyejua hata sura yangu.

Tulikuwa na nurse mmoja mwanamke na daktari mmoja mwanaume. Kusema kweli yeye ni clinical officer, yaani tabibu, lakini sisi wote tunamwita Daktari, na mimi nitamwita hivyo. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, haongei sana.

Nurse akapata kazi ya serikali, kaunti nyingine. Akaenda. Mwenye kliniki akasema anatafuta mwingine. Akatafuta, akatafuta, miezi ikaisha.

Sasa hapo ndipo mambo yalianzia.

Wanawake walikuwa wanafika, wanauliza pale mapokezi, "Daktari ni mwanaume ama mwanamke?" Wakiambiwa ni mwanaume, wengi waliingia tu, hawana shida. Lakini kuna wale waliosema wanatoka nje kidogo kupiga simu. Mimi nikiwa nimeinama na mop yangu niliona tu viatu vikipita kuelekea mlangoni. Hao hawakuwa wanarudi.

Kuna mmoja alikuja mara tatu na kuondoka mara tatu. Ya nne sikumwona tena. Mpaka leo sijui alikuwa anaumwa na nini na kama alipata msaada.

Na kabla wanaume wa humu hamjaanza kuandika kwamba wanawake wanajifanya, niwaambie: kulikuwa na mzee mmoja fundi wa viatu aliyewekewa mpira wa mkojo. Wakati nurse wetu bado yuko, huyo mzee alikataa kata kata mpira ubadilishwe na msichana wa umri wa binti yake. Alisubiri Daktari arudi kutoka leave, na alipotazamwa alikuwa tayari na homa mbaya. Hii aibu tunayo sisi wote.

Basi siku moja akaja msichana mjamzito, mimba changa, anatoka damu. Daktari akamwambia lazima amwangalie huko chini ajue damu inatoka wapi. Mlango ulikuwa haujafungwa vizuri na mimi nilikuwa kwa korido.

"Sitaki mwanaume," msichana akasema.

"Nakuelewa. Lakini leo hatuna mwanamke. Naweza kukuandikia barua uende hospitali kubwa."

"Mpaka nifike huko?" Akaanza kulia. Halafu akaniona mimi na ndoo yangu. "Na huyo je?"

"Huyo ni wa usafi."

"Si ni mwanamke? Akisimama hapa nitakubali."

Daktari akanitazama. Mimi nikatazama ndoo.

Niliosha mikono mpaka kwa kiwiko, nikaingia. Sikujua nisimame wapi, nikasimama karibu na kichwa chake nikampa mkono. Alivyoushika, kucha zake ziliniacha na alama siku mbili.

Daktari alimfunika na leso, akafunua pale tu panapohitajika. Alisema kila kitu kabla hajakifanya. Sasa nitakugusa hapa. Sasa utasikia baridi. Ukisema niache, naacha. Mimi huko sikuangalia. Nilimwangalia msichana usoni mpaka ikaisha.

Mimba ilikuwa sawa. Alivyokuwa anavaa akaniambia, "Asante auntie."

Wakuu, siku hiyo nilitembea kurudi Kianda kama mtu aliyepandishwa cheo.

Baada ya hapo ikawa sehemu ya kazi yangu. Mgonjwa akisema anataka mwanamke awe ndani, Daktari anaita, "Mathe!" yaani mama, nami naacha mop, naosha mikono, naingia. Hakuna mtu aliyenifundisha. Daktari aliniambia kitu kimoja tu, "Mathe, ya hiki chumba yabaki kwa hiki chumba." Nikasema sawa. Na nimekaa nayo.

Kitu ambacho sikutarajia ni upweke wa hiyo kazi.

Unashika mkono wa mtu dakika kumi. Analia kwa kifua chako. Anakuambia mambo hajamwambia mume wake. Halafu wiki ijayo mnakutana sokoni, yeye anachagua nyanya na wewe unachagua nyanya, na anageuza uso kama amemwona mtu anayemdai. Mwanzoni nilikuwa nawasalimia. Nikaacha. Nikajifunza kugeuka mimi kwanza, ili wasipate taabu.

Na nyumbani huwezi kumweleza mtu yeyote siku yako ilikuwaje. Unafika, unaweka sufuria kwa stovu, unanyamaza.

Mtu pekee niliyekuwa nakaa naye tukaongea ni jirani yangu. Nitamwita Consolata.

Consolata alihamia plot yetu, nyumba za kupanga zenye geti moja, miaka miwili kabla ya haya. Kaka yake ndiye alimtafutia nyumba, mlango unaotazamana na wake yeye na mkewe. Huyo mke wa kaka tumwite Rose. Consolata alikuwa anapika chapati pale kwa geti, jiko lake na meza yake, na watu walikuwa wanatoka mpaka Sarang'ombe kuja kununua. Mimi nilikuwa naweka ufunguo wake akisafiri. Yeye aliniwekea chapati mbili kila jioni, amezifunga kwa gazeti, hata kama wateja wamepanga laini. Jumapili alinisuka nywele mlangoni kwangu huku tukicheka watu.

Plot nzima walijua nafanya usafi mahali. Kwamba ni kliniki, tena Kawangware, sikuwa nimesema. Watu wakisikia unafanya kliniki wanaanza kukuletea majipu yao usiku na mchana. Kwa hivyo hata Consolata alijua tu "kwa ofisi fulani."

Sasa, asubuhi moja Daktari akaita, "Mathe!"

Nikaosha mikono. Nikasukuma mlango.

Consolata alikuwa amekaa kwa kitanda cha kupimia, leso kwa magoti, viatu vyake chini vimepangwa vizuri kando kwa kando.

Alikuwa ametoka Kibera mpaka Kawangware ili asikutane na mtu anayemjua. Hiyo nilikuja kuielewa baadaye. Wakati ule mimi, wakuu, nilitabasamu. Nilifurahi kumwona. Niliona Mungu amepanga vizuri, kwamba leo hatashikwa mkono na mtu asiyemjua.

Yeye uso ulibadilika kabisa.

"Huyu atoke," akasema.

Daktari akashangaa. "Ulisema unataka mwanamke awe ndani."

"Si huyu."

Mimi nikaingilia, na afadhali ningefunga mdomo. "Conso, ni mimi. Mwanamke mwenzako, tena jirani."

"Ndiyo maana," akasema. Hakuwa ananiangalia mimi, alikuwa anaangalia ukuta. "Daktari, afadhali ubaki wewe peke yako."

"Umeamua?"

"Nimeamua. Atoke."

Nikatoka. Nikaenda nyuma kuosha sinki ambayo nilikuwa nishaiosha. Kwa hivyo mjue hivi: sikuona kitu, sikusikia kitu, sikusoma kitu. Alichokuwa nacho Consolata sikukijua siku hiyo, na mpaka leo sikijui.

Jioni nikapita getini. Alikuwa anasukuma unga, hakuinua kichwa. Nikamwambia "Sasa Conso," akaitikia "Poa" kama unavyoitikia mtu wa kuuza sabuni. Chapati zangu mbili hazikuwepo.

Nikajiambia ni aibu tu. Itapoa.

Haikupoa. Kama wiki mbili baadaye, maneno yakaanza kwa plot. Eti Consolata ana ugonjwa wa huko chini. Eti alionekana na kadi ya kliniki fulani Kawangware, na dawa za kuingiza. Kila mtu akaongeza lake. Mara ni ugonjwa huu, mara ni ule, mara ametoa mimba. Na huyu ni mtu anayekanda unga wa watu kwa mikono.

Wateja wakaanza kupungua. Hakuna aliyemwambia kitu. Walikuwa wanapita tu mbele ya meza yake wakienda kununua chapati huko barabarani, wengine wakificha gazeti chini ya sweta wakirudi. Saa kumi na moja, saa ambayo zamani huwezi kumfikia, unamkuta ameketi kwa stuli, chapati zimejaa kwa hotpot, ameshika simu ambayo haangalii.

Halafu mke wa caretaker, msimamizi wa plot yetu, akakumbuka kwamba siku moja alipita Kawangware akaniona na dustcoat mbele ya geti ya kliniki. Wakaunganisha.

Siku hiyo nilikuwa nimetoka tu kazini. Wamama watatu wakaja mlangoni kwangu. Hata kukaa hawakukaa.

"Kumbe wewe ni wa kliniki," mke wa caretaker akasema. "Na umenyamaza tu."

"Mimi ni wa usafi."

"Usafi lakini unaona watu. Huyu Conso ana nini? Sisi tuna watoto wanakula hizo chapati."

Nikasema sijui kitu. Wakanisukuma kwa maneno, hapa na pale. Nikasema tena sijui. Na wakati nasema, nikainua macho nikamwona Consolata. Alikuwa ameingia na ndoo ndogo ya makaa. Amesimama. Ameona wamama watatu wamenizunguka mlangoni, vichwa vimeinama, na mimi katikati nikiongea.

Aliingia kwake akafunga mlango.

Sasa fikirieni hali yangu hapo. Ningefanya nini?

Ningesema "mimi sikuwa ndani, nilitolewa nje," hapo nimethibitisha kwamba alikuja kliniki, na kwamba kuna jambo la kutolewa watu nje. Ningesema "hakuja," huo ni uongo, na nikishikwa na uongo mmoja hata ukweli wangu haungeaminika. Kila neno la kujitetea lilikuwa linamchoma yeye. Kwa hivyo nikanyamaza.

Nikajaribu kumwendea. Nilibisha mlango wake jioni mbili. Ya kwanza hakufungua, na taa iliwaka ndani. Ya pili akasema kupitia dirishani, "Ulisoma register ya wagonjwa. Si hapo ndipo unafuta vumbi?" Nikaapa. Akavuta pazia.

Wamama nao wakanikasirikia kivyao. Eti najifanya daktari. Eti nawaficha ukweli ili watoto wao wadhurike. Kwa hivyo nikapoteza huku na huku.

Kuna fellowship ya maombi ya Jumatano kwa plot zetu, inazunguka nyumba kwa nyumba. Zamu yangu ikafika. Niliomba ruhusa nikatoka kazini mapema. Nikaosha nyumba, nikatandika kitambaa kwa meza, nikaazima stuli nne kwa caretaker mwenyewe, nikapika chai thermos mbili na kununua mikate. Saa kumi na moja ikafika. Na nusu. Halafu nikasikia wimbo wa kufungua maombi ukianza, mlango wa tatu kutoka kwangu.

Walikuwa wameniruka.

Nilikaa hapo na zile stuli. Niliimba nao wimbo wa kwanza, polepole, kwa sababu maneno nilikuwa nayajua. Wa pili sikuweza. Ile chai nilikunywa siku mbili.

Consolata alihama mwezi uliofuata. Kaka yake alipakia vitu kwa mkokoteni, jiko juu kabisa. Nilikuwa nimesimama kwa mlango wangu. Alipita bila kuniangalia. Nambari yake ikawa haishiki nikipiga.

Mnaweza kufikiria hapo ndipo ilipoishia. Hapana, ngojeni.

Miezi kadhaa baadaye mwili wangu nao ukaanza mambo yake. Nilikuwa nimeshakoma hedhi, halafu damu ikarudi. Nimesimama kwa hicho chumba vya kutosha kujua hiyo si ya kungoja. Kliniki yetu sikutaka, siwezi kuvua nguo mbele ya Daktari halafu kesho nimpigie deki chini ya meza. Nikaenda kituo kingine cha afya, mbali na pote panapojulikana.

Nikapelekwa kwa nurse mwanamke, msichana mchangamfu sana. Akasoma jina langu kwa kadi, akapiga makofi.

"Kumbe ni wa kwetu!" Akaanza kunisalimu kwa lugha ya nyumbani. "Umeolewa kwa nani? Mamangu anauza nguo hiyo soko yenu, lazima anakujua!"

Na mimi niko kwa kitanda, leso kwa magoti.

Wakuu, magoti yangu yalijifunga yenyewe. Alikuwa mzuri, yule msichana, hakuwa na ubaya hata kidogo. Lakini niliona njia nzima, kutoka kwa hicho kitanda mpaka kwa mama yake sokoni, mpaka kwa mashemeji wangu wa zamani wakiuliziana habari zangu.

Nikamwambia, "Samahani sana. Naomba mtu mwingine."

Akashtuka. "Lakini hapa mwingine ni mwanaume, mzee wetu. Mimi si ni mwanamke mwenzako?"

Niliposikia hayo maneno nikataka kulia. Yalikuwa maneno yangu mimi.

"Najua," nikasema. "Naomba tu huyo mzee."

Alikasirika kidogo, nikaona, lakini akaenda kumwita. Mzee akaja, akauliza kama nataka mtu wa kusimama nami. Nikasema sina mtu. Akauliza kama niko sawa abaki yeye tu, mlango urudishwe na pazia lifungwe. Nikasema niko sawa. Hakuniuliza natoka wapi. Alinipima, akachukua sample, akaniandikia. Majibu yalikuja mazuri, ni kitu kidogo, nilitibiwa kikaisha.

Lakini nilivyotoka pale nilikaa kwa ukuta nje kwa muda mrefu. Nikamwelewa Consolata. Mimi nilidhani akiomba mwanamke, basi mwanamke yeyote atatosha. Yeye alikuwa anaomba mtu ambaye kesho hatamwona akisukuma chapati.

Jumatatu nikamwendea Daktari kabla wagonjwa hawajaingia.

"Daktari, hii kuniita tu 'Mathe' mtu akiwa ameshavua, tuache."

"Tuiache? Si inasaidia?"

"Inasaidia. Lakini muulize akiwa bado na nguo zake. Anataka wewe ama apelekwe kwa mwanamke kwingine. Anataka mtu awe ndani ama hataki. Na kama ni mimi, anione kwanza nikipita kwa korido. Kama ananijua na hanitaki, akwambie wewe, na mimi nisijue ni kwa nini."

Akaweka kalamu chini. Halafu akasema, "Ni yule dada wa wakati ule, si ndiyo?" Nikamwambia mimi sikumbuki dada yeyote. Akacheka kidogo, akasema sawa.

Na ndivyo tunavyofanya mpaka leo, hata sasa tukiwa na nurse mpya mwanamke. Bado tunauliza. Wengine wanashangaa kuulizwa. Mama mmoja alisema maisha yake yote hospitalini hakuwahi kuulizwa anataka nani, hata alipokuwa anazaa.

Sasa nifike mwisho.

Juzi juzi, mwaka umepita tangu ahame, nilikuwa kazini naleta maji mbele nikamwona Consolata kwa benchi la wagonjwa. Amenona kidogo, amevaa vizuri. Sikungoja anione, au nilidhani hajaniona. Nikageuka na ndoo yangu nikaenda nyuma ya kliniki kwenye tanki, nikakaa juu ya jerikeni. Nikamtuma yule wa mapokezi amwambie Daktari kwamba mathe hayuko leo.

Nilikaa hapo karibu saa nzima.

Halafu nikasikia mtu. Ni yeye, amezunguka nyumba kunitafuta, kibeti kwapani.

"Nilikuona ukitoka," akasema.

"Nilitaka uwe huru."

Akasimama. Aliangalia tanki, aliangalia kamba ya nguo. Mwishowe akasema, "Ni Rose. Alipekua kibeti changu akaona kadi na dawa. Yeye ndiye alianza."

Nikainuka kutoka kwa jerikeni. "Umejua lini?"

"Kabla nihame."

Kabla ahame. Nikahesabu nyuma kichwani, nikafika kwa ile Jumatano ya stuli na thermos.

"Wakati fellowship iliniruka ulikuwa ushajua?"

"Nilikuwa nimejua."

"Na hukuwaambia wale wamama?"

"Ningewaambia nini?" Sauti yake ikapanda. "Ili niwaambie si wewe, ningeanza na kusema ni kweli, kadi ilikuwa yangu. Ningesema na Rose ni mwizi wa siri, na huyo ndiye anaishi na kaka yangu. Ningeanzia wapi?"

Ni lile lile lililonifunga mdomo mimi. Sisi wawili tulikuwa tumenyamaza kwa sababu moja, milango miwili tofauti, ukuta mmoja wa mabati katikati.

Lakini kuna kitu kilikuwa kinaniuma zaidi, nikakisema.

"Wamama achana nao. Mimi, Conso. Mimi peke yangu ungeniambia."

Halafu akasema polepole, bila ubaya, "Kila nikikuona naona vile ulisimama kwa mlango siku ile ukicheka. Najua hukunicheka. Lakini ndivyo naona."

Nikamwambia pole. Akaniambia pole pia. Alinipa mkono, tukashikana kwa muda, kisha akaenda. Sikumwomba nambari na hakunipa. Anaonekana mzima, na hiyo niliifurahia kutoka moyoni, niseme ukweli.

Rose bado tuko naye plot moja. Ananisalimia kila asubuhi, "Niaje mama, umeamka?" Namwitikia vizuri. Sijamwambia mtu yeyote kwa plot, na sitamwambia. Wamama wameshasahau, wana mambo mengine. Fellowship imerudi kwangu mara mbili, na watu hunywa chai yangu.

Nilichojifunza ni hiki. Ukienda kupimwa mahali pa siri mwilini mwako, una haki ya kusema unataka nani, na pia nani humtaki, hata kama ni mwanamke, hata kama ni rafiki, hata kama hujui kueleza kwa nini. Sema kabla hujavua. Na wewe unayefanya hospitali, daktari, nurse, au wa mop kama mimi, mtu akikukataa usimuulize sababu wala usimnunie. Toka nje, ufunge mlango vizuri. Na ukikutana naye sokoni, ngoja yeye akusalimie kwanza.

Sasa niulize nyinyi. Ungekuwa wewe kwa kile kitanda, ungetaka nani asimame karibu? Mtu unayemjua, au mtu ambaye hutamwona tena? Na kwa Consolata, mimi nilikosea wapi? Nishaurini bila matusi, tafadhali.

Nikitoka kazi jioni nitasoma yote mtakayoandika, hata kama ni mstari mmoja. Kwangu jioni huwa kimya sana.